Damu ya Washenzi

Hapa Magarama, mtaani Gitega nchini Burundi, kwetu Waswahili neno "mshenzi" halitamkwi kwa mzaha. Ukimwita mtu hivyo mbele ya watu, jiandae kukaa na wazee kusuluhishwa. Ni neno lililopanda kutoka pwani pamoja na misafara, likapita Ujiji, likavuka ziwa Tanganyika, likaingia Kongo, na kila lilipofika kazi yake ilikuwa moja: kumtenga anayejiona mstaarabu na yule wa porini. Katika Kongo ya Wabelgiji lilitamkwa "basenji", likawa jina la dharau kwa mwanakijiji yeyote ambaye mkoloni alimwona bado hajafunguka macho.

Neno hilohilo leo limeandikwa kwenye vyeti vya mbwa wa fahari. Mwenye mbwa huko London au Chicago anafungua kabati, anatoa karatasi yenye muhuri, na juu yake pana neno "Basenji", kisha majina ya baba, mama, babu na bibi wa mbwa huyo, kizazi juu ya kizazi. Wako waandishi wanaolitafsiri jina hilo kwa upole, wakasema maana yake ni kitu cha porini. Sisi tunaoujua ukali wa neno tunalisikia kama lilivyo. Ni mbwa wa washenzi.

Naisimulia habari ya mbwa hao kwa sababu imenikaa moyoni tangu nilipoijua, na kwa sababu inagusa jambo linaloingia Gitega polepole bila mtu kulipigia kelele. Ni habari ya klabu za watu waliompenda mnyama wao kwa dhati, wakamfungia ndani ya mapenzi hayo mpaka akaanza kuugua, na dawa ikaja kupatikana kijijini, huku huku kwetu Afrika ya kati.

Kwanza mbwa mwenyewe. Basenji hana ukubwa wa kutisha: kimo chake begani ni kama sentimita 40 hivi, uzito kilo 10 au 11. Manyoya ni mafupi, mara nyingi mekundu kama udongo wa barabara ya Muyinga, na nyayo, kifua na ncha ya mkia ni vyeupe. Masikio yamesimama. Akikazia kitu macho, paji la uso linajikunja kama la mzee anayehesabu pesa. Mkia umejikunja juu ya mgongo kama kipete. Habweki kama mbwa wengine. Ana sauti yake iliyo kati ya wimbo na kilio. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi wa Ulaya hupata mara mbili. Hujilamba mwili mzima kama paka.

Nilipoona picha yake mara ya kwanza nilishtuka. Nilimjua. Alikuwa mbwa wa mjomba wangu kule Muyinga, aliyemfuata shambani na kulala majivuni usiku. Katika misitu ya Kongo, wawindaji humfunga basenji njuga ya mti shingoni au kiunoni ili wasikie alipo majanini, maana yeye mwenyewe hasemi. Mjomba naye alikuwa na njuga ya mbwa, ya chuma, iliyoning'inia ukutani miaka mingi baada ya uwindaji kukoma. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuichezea usiku.

Wazungu walianza kumchukua mbwa huyu zamani. Mwaka 1895 jozi moja ilionyeshwa London, kwenye maonyesho ya Crufts, ikafa muda mfupi baadaye kwa distempa, ile homa inayofagia mbwa wachanga. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alisafirisha mbwa sita kutoka Sudani hadi Uingereza; wakawekwa karantini, wakadungwa sindano ya kuwakinga na distempa ambayo wakati huo ilikuwa bado ya majaribio, wakafa wote. Mfugaji Olivia Burn ndiye aliyefanikiwa katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 basenji wake walivuta umati mkubwa pale Crufts. Mwaka huohuo jozi nyingine ilipelekwa New York, na distempa ikaiingilia tena. Mwaka 1941, katika tumbo la meli iliyotoka Afrika Magharibi kwenda Boston na shehena ya kahawa, mabaharia walimkuta mbwa jike mwekundu amekonda, hana sauti. Walimpa jina Congo, na mwaka uliofuata wapenzi wa aina hiyo walianzisha klabu yao Marekani.

Mbwa walifika wachache na wakafa wengi, kwa hiyo wale waliobaki wakawa Adamu na Hawa. Mwaka 1959 Mwingereza Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka kusini mwa Sudani, akarudi na jike mmoja mwekundu, Fula. Fula hakupelekwa mashindanoni, ila watoto wake walisambazwa, na wafugaji husimulia kwamba leo ni shida kumpata basenji mwenye cheti asiyekuwa na damu yake. Wanalisema kwa fahari. Mimi nilipolisoma nilipata wasiwasi.

Wasiwasi wangu unatokana na jinsi klabu hizi zinavyofanya kazi. Mtindo ulianza Uingereza mwaka 1873, ilipoundwa The Kennel Club. Watu wanakubaliana aina ya mbwa iweje: kimo, rangi, mkia, masikio. Wanaandika daftari, wanaingiza mbwa wa mwanzo, kisha wanalifunga. Kuanzia hapo mtoto wa mbwa haingii daftarini mpaka baba na mama wawe wamo. Nia ni kulinda usafi wa ukoo. Lakini daftari lililofungwa ni kisima kisicho na chemchemi. Hata kama ndani yake mna mbwa elfu kumi, wote ni wajukuu wa walewale wachache, na kila msimu bingwa mmoja wa mashindano anapandishwa kwa majike wengi, kundi linazidi kubanana.

Wazee wetu wa huku bara walilijua jambo hili bila maabara. Hawakuruhusu kijana kuoa ndani ya ukoo wake, na mfugaji wa ng'ombe aliazima dume kwa mtu wa mbali badala ya kumwacha fahali apande binti zake mwaka baada ya mwaka.

Wengi wetu tunaujua ugonjwa wa selimundu. Mtu aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu anaishi kama kawaida, huenda asijue kabisa. Akioana na mwenzake aliyebeba kasoro hiyohiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Magonjwa mengi ya kurithi ya mbwa yanakwenda kwa hesabu hiyohiyo. Katika kundi kubwa lililochanganyika, wabebaji wawili hukutana kwa nadra. Katika daftari lililofungwa wanakutana kila siku.

Pigo la kwanza kwa basenji lilikuwa upungufu wa damu unaotokana na chembe nyekundu kukosa kimeng'enya kimoja na kuvunjika kabla ya wakati. Mbwa anachoka, ufizi unapauka, anakufa angali kijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha kuwatambua wabebaji, nao wafugaji wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya: wakawaondoa wabebaji wote kwenye uzazi. Ugonjwa ukapungua kweli. Sherehe ilikuwa halali.

Lakini mbwa hana kinasaba kimoja. Kila mbebaji aliyeondolewa aliondoka na urithi wake wote, mzuri na mbaya, na kisima ambacho tayari kilikuwa kidogo kikazidi kukauka. Wafugaji wenyewe wa basenji ndio wanaolieleza hili, kwa uchungu wa mtu aliyefanya jema likamgeukia. Maana katika kundi lililobaki ulikuwamo ugonjwa wa pili, uliojificha vizuri zaidi.

Unaitwa Fanconi, kwa jina la Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Uswisi. Figo zenye afya huchuja damu na kurudisha mwilini vitu vya thamani: sukari, chumvi, viini vya protini. Figo za Fanconi zinasahau kurudisha. Kila kitu kinatoka na mkojo. Mbwa anakunywa maji bakuli kwa bakuli, anakojoa usiku kucha, anakula vizuri na bado mbavu zinahesabika. Ukipima damu, sukari iko sawa. Ukipima mkojo, sukari imejaa. Kwa hiyo wenye basenji walianza kununua vile vijiti vya karatasi ambavyo wagonjwa wa kisukari hupimia mkojo. Mtu anaamka alfajiri, anamfuata mbwa wake uani ameshika kijiti mkononi, anangoja ainue mguu, kisha anasimama pale kwenye baridi akitazama rangi: ikibaki kama ilivyo, ni mwezi mwingine wa amani, ikigeuka, moyo unaanguka. Walifanya hivyo kila mwezi, kwa miaka.

Ubaya wa Fanconi uko kwenye saa yake. Kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na umri wa kati ya miaka 4 na 8. Kufikia hapo bingwa ameshachukua vikombe vyake, ameshapandishwa kwa majike, watoto wake wameshazaa. Unagundua kwamba babu ni mgonjwa wakati wajukuu wameshaenea nchi nzima. Kadirio lililozungumzwa sana Marekani lilikuwa mbwa mmoja katika kila kumi. Daktari Steve Gonto aliandika utaratibu wa tiba, wa kumrudishia mbwa kila siku kile ambacho figo zinamwaga, na mbwa wengi waliotibiwa hivyo waliishi karibu umri wao wa kawaida. Tiba hiyo ilimsaidia mbwa mmoja mmoja. Damu ya kundi ilibaki vilevile.

Ndipo baadhi yao wakauliza swali lililokuwa chungu kwa watu wa daftari: hawa mbwa walitoka wapi, na waliobaki huko wakoje? Mwaka 1987 wawili kati yao, Jon Curby na Michael Work, walipanda ndege kwenda Zaire, ndiyo Kongo ya leo. Mwaka 1988 walirudi tena, safari hii pamoja na Stan Carter. Walielekea kaskazini-mashariki, nchi ya Wazande, wakitafuta vijijini mbwa wa wawindaji ambao hawakuwa na cheti wala jina la pili. Mbwa waliotoka nao huko waliitwa Avongara, kutokana na jina la ukoo wa watawala wa Wazande.

Fikiria mjadala uliofuata. Watu waliotumia maisha yao kulinda usafi wa ukoo wanaombwa kufungua mlango kwa mbwa wa vijijini kutoka Zaire. Baadhi ya wageni walikuwa na milia ya kahawia na nyeusi mwili mzima, rangi ambayo haikuwemo katika vipimo vya klabu. Lakini klabu ilipiga moyo konde na kuomba, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kwa mbwa 14. Milia nayo ikakubaliwa. Mlango ulifunguliwa tena kuanzia 2009 hadi mwisho wa 2013 kwa mbwa wengine waliochaguliwa kutoka Afrika.

Wale walioitwa washenzi, ambao hata jina lao lilikuwa tusi, ndio waliobeba kile ambacho vyeti vyote vya Ulaya na Marekani havikuweza kuzalisha: damu pana. Nimelitafakari hilo mara nyingi nikipita jioni barabara ya Magarama, mbwa wa kwetu wakipishana na miguu ya watu karibu na majiko ya mishikaki, hakuna anayewatazama.

Kipimo cha kinasaba cha Fanconi kilitoka mwaka 2007, kazi ya Gary Johnson wa Chuo Kikuu cha Missouri, na mwaka 2011 kikaboreshwa kuwa cha uhakika. Safari hii wafugaji walikuwa wameshapata somo. Hawakuwafukuza wabebaji. Mbebaji alipandishwa kwa mbwa aliye safi; hakuna mtoto mgonjwa anayezaliwa hapo, na urithi mwingine wote unabaki ndani ya kundi. Nalipa jambo hili uzito kuliko kipimo chenyewe, maana kipimo wangeweza kukitumia kurudia kosa la mwanzo.

Si klabu zote zilizokuwa na moyo huo. Dalmatian, yule mweupe wa madoa meusi, alikuwa na kasoro ya kurithi iliyoenea katika ukoo wote: mkojo wake hujaa asidi ya yuriki, na madume hupata mawe kwenye njia ya mkojo. Mwaka 1973 mtaalamu wa vinasaba Robert Schaible alimpandisha Dalmatian kwa mbwa wa aina ya Pointer, mara moja tu, kisha akaendelea kurudi kwa Dalmatian watupu kizazi baada ya kizazi. Wajukuu walikuwa na madoa yao na mkojo mzima. Mwaka 1981 wawili waliandikishwa. Wanachama wakapinga, uandikishaji ukasimama. Mlango wa daftari la Marekani haukufunguliwa mpaka 2011. Miaka thelathini ya mbwa kufunga mkojo, dawa iko mezani, kwa sababu babu mmoja wa mbali hakuwa na madoa.

Ridgeback wa Rhodesia ananiuma kwa namna nyingine. Vipimo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na alama yake ni ule mstari wa manyoya yanayoelekea mbele mgongoni, alioupata kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba kinasaba kinacholeta mstari huo ndicho pia kinachomweka mbwa kwenye hatari ya kuzaliwa na tundu linalotoka kwenye ngozi ya mgongo na kuzama ndani, mara nyingine hadi karibu na uti wa mgongo. Mtoto anayezaliwa bila mstari ameepuka hatari hiyo. Na bado filamu ya BBC ya Agosti 2008, Pedigree Dogs Exposed, ilifichua kwamba kanuni za klabu moja ya Uingereza ziliagiza watoto wasio na mstari wauawe. Wazima walikufa ili ukoo uonekane. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, BBC ikaacha kutangaza Crufts, na mwaka 2009 The Kennel Club ikakataa kuandikisha watoto wa mbwa waliozaliwa na baba na binti, mama na mwana, au kaka na dada. Watu wengi hawakujua kwamba kabla ya hapo iliruhusiwa.

Sitakaa sana kwa wale wenye pua bapa, bulldog na wenzake, kwa kuwa mateso yao yanaonekana kwa macho: wanakoroma wakiwa macho, wanazimia kwa joto, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 Uingereza uliona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mimba za bulldog ziliishia kwenye kisu cha daktari kwa sababu kichwa cha mtoto hakipiti. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo iliamua kwamba kuwazalisha ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Rufaa ikalegeza kamba upande wa bulldog, lakini swali limeshaulizwa na haliwezi kurudishwa mfukoni.

Na hapa kwetu? Tangu Gitega ilipotangazwa makao makuu ya kisiasa mwishoni mwa mwaka 2018, nyumba mpya zimeota mlimani, na kila ukuta mpya unataka mbwa nyuma yake. Anayetakiwa ni yule wa Kijerumani, ambaye watu humwita mbwa wa polisi, au Rottweiler. Wanakuja kutoka Bujumbura, kutoka Kigali, wengine mbali zaidi, ndani ya katoni yenye matundu.

Jirani yangu alimnunua mmoja. Alikuja nyumbani kunionyesha, amembeba kifuani kama mtoto mchanga. "Kaka, huyu ni orijino, ana karatasi." Nilimpongeza, wakati huo sikuwa na swali lolote. Mwaka na nusu baadaye mbwa alianza kukimbia kama sungura, miguu ya nyuma ikiruka kwa pamoja. Kisha akawa anainuka kwa awamu mbili: anasimama kwa mikono, anatua, anatazama upande, halafu anaivuta nyonga nyuma yake na kutoa sauti ndogo. Ngazi za baraza ni tatu. Sasa hazipandi.

Ni kasoro ya kiungo cha nyonga: kikombe cha mfupa ni kifupi, kichwa cha paja kinacheza ndani yake, na kila hatua inasaga. Imo katika urithi, na mbwa wa Kijerumani wanajulikana nayo. Marekani kuna taasisi iliyoanzishwa mwaka 1966 hasa kwa ajili ya kukagua picha za eksrei za nyonga kabla mbwa hajapandishwa. Jirani aliponiomba tumpigie muuzaji, tuliuliza mambo mawili tu. Wazazi walipigwa eksrei? Hapana. Baba na mama wa huyu ni akina nani? Akatujibu bila kuona ubaya wowote, kwamba dume analo moja, na jike ni binti wa dume hilohilo. "Ndiyo maana damu yake ni safi," akasema.

Sina hasira naye. Amemeza maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye vyeti vya ng'ambo miaka 150. Lakini klabu zenyewe zilizoyaandika zimeanza kuyaacha, na inaniuma tukiyaokota sisi yakiwa yametupwa. Anayetaka kununua mbwa Gitega au Muyinga aulize nyonga, aulize macho, aulize jina la baba wa mama, na akisikia jina moja limerudi mara mbili, arudishe pesa mfukoni.

Wakati huohuo mbwa wa kwetu anapigwa mawe. Najua chanzo kimojawapo. Hapa mtaani tupo Waislamu, na sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi tumelelewa kuosha mara saba chombo alichokiramba mbwa, mara moja kwa udongo. Hukumu hiyo naishika. Lakini madrasa hiyohiyo ilitufundisha habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Mwalimu alitusimulia zote mbili. Wengi tuliondoka na moja.

Chanzo kingine ni hofu ya kichaa cha mbwa, na hofu hiyo ina haki yake: dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kuua mbwa hakukomeshi ugonjwa huo. Unakomeshwa na chanjo ikiwafikia mbwa 70 katika kila 100. Pemba walifanya hivyo na kichaa kikatoweka kisiwani. Kilipoingia tena kutoka nje, wakachanja tena, kikaondoka. Mbwa koko aliyechanjwa ni ukuta kati ya ugonjwa na mtoto wako.

Mwaka 2009 mtafiti Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wengi wao, hasa wa Uganda, walikuwa na damu ya asili ya Kiafrika, na basenji alipolinganishwa nao akakaa palepale walipo, ndugu kwa ndugu. Ridgeback, pamoja na jina lake lote la Kiafrika, alionekana kuwa zaidi wa kutoka nje. Nchini Afrika Kusini, Johan Gallant na Joseph Sithole walishauona uasili wa mbwa wa kijijini mapema. Mwaka 1998 walianzisha chama cha kumhifadhi mbwa wa vijijini, wakamwita Africanis, na wakashikilia neno moja: asifanywe aina ya mashindano. Asichaguliwe kwa rangi wala masikio. Aachwe athaminiwe kwa kazi yake, maana maisha magumu ya kijijini yameshamchagua kwa maelfu ya miaka.

Mwezi uliopita mbwa jike wa mama muuza mkaa, pale kona ya kushukia sokoni, alizaa watoto watano chini ya gunia. Wawili wekundu wenye soksi nyeupe, mmoja mweusi, wawili wa milia. Jirani yangu alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, akimtazama mama yao alivyoinuka mara moja, bila awamu, akajinyoosha, akaruka ukuta wa matofali kwenda kunywa maji.

"Mama, huyu wa milia umeshamgawa?"

"Bado. Chukua baada ya mwezi, akiacha ziwa."

"Ni aina gani?"

Mama alimwangalia, akaangalia watoto, akarudi kupanga mkaa wake.

"Ni wa hapa," akasema.